Jim Thorpe: alishinda wote, wakamunyanganya juu ya posho

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na baba wa kambi na wa cité, leo siandike juu ya kontra wala juu ya mushahara. Naandika juu ya michezo. Lakini mutaona wenyewe, mwisho wake tutarudia kulekule.

Fasi tunangojea bisi ya ekipe ya asubuhi, mabishano haikosi hata siku moja. Mwenye kupenda mupira anasema Pelé njo mukubwa wa wote. Mwingine anamukatalia, anasema Messi. Wazee wanaokumbuka mwaka 1974 wanasema Muhammad Ali, juu walisikia ku radio ile usiku alimuangusha George Foreman kule Kinshasa. Vijana wanasema Usain Bolt. Juma lililopita kijana mumoja wa ekipe yetu akauliza swali muzuri: mutu wa mbio na mutu wa ngumi, tutawapima ku kilo gani? Tukanyamaza, bisi ikafika.

Ndani ya bisi nikamujibu. Kama mabishano ni juu ya michezo yote pamoja, basi tutafute mutu aliyecheza michezo mingi na kushinda mu ile mingi. Nikataja jina la Jim Thorpe. Hakuna aliyemujua. Njo maana nimeshika kalamu.

Jim Thorpe alizaliwa mwaka 1887 mu inchi ya Marekani, kule Oklahoma, wakati ile sehemu ilikuwa ingali inaitwa Eneo la Wahindi. Hawa si Wahindi wa kutoka Asia. Ni wenyeji wa kwanza wa Marekani, ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Baba yake alikuwa wa kabila la Sac and Fox, mwenye damu ya Irelandi pia. Mama yake alikuwa wa kabila la Potawatomi, mwenye damu ya Ufaransa. Wakamupa jina la kikabila, Wa-Tho-Huk, maana yake ni njia yenye kuangaa.

Ile njia ilianza na giza. Alipokuwa na miaka 4, serikali ikakata udongo wa kabila lake vipande-vipande, kila mutu akapewa kipande, na udongo uliobakia, tena mwingi, ukafunguliwa kwa Wazungu waje kujitwalia. Alizaliwa pacha, lakini ndugu yake Charlie akafa kwa ugonjwa wakiwa wangali watoto. Kisha mama akafa. Kisha baba naye.

Mwaka 1904 akatumwa mbali, ku shule ya Carlisle mu jimbo la Pennsylvania. Ile shule ilianzishwa mwaka 1879 ndani ya kambi ya zamani ya askari. Kazi yake ilikuwa kuwageuza watoto wa Wahindi wafanane na Wazungu. Walikatwa nywele, wakakatazwa kusema luga ya kwao. Nusu ya siku masomo, nusu ya siku kazi ya mikono. Jim alitumwa hata ku mashamba ya Wazungu, kufanya kazi kwa malipo kidogo sana. Kwa hiyo, mbele ya kuwa muchezaji, alikuwa kwanza mufanyakazi.

Siku moja mwaka 1907 alipita karibu na uwanja fasi vijana wa shule walikuwa wanajaribu kuruka juu. Fimbo iliwekwa ku kipimo cha metre 1 na sentimetre 75, ikawashinda. Yeye alikuwa amevaa nguo za kazi. Akaomba kujaribu, akaruka, akapita, akaenda zake. Kesho yake mwalimu wa michezo, Glenn Warner, akamuita. Hapo njo mambo ilianza.

Carlisle ilikuwa shule ndogo, ya watoto masikini, lakini mu mupira wa Wamarekani, ule wa umbo la yai wanaoushika kwa mikono, ilipigana na shule kubwa-kubwa za matajiri. Mwaka 1911 Carlisle ikaishinda Harvard, 18 kwa 15. Siku ile Jim alipiga mupira kwa muguu mara nne ukapita kati ya nguzo, muguu wenyewe ukiwa na maumivu. Mwaka 1912 wakaishinda shule ya maofisa wa jeshi, 27 kwa 6. Kati ya wale maofisa wanafunzi kulikuwa kijana mumoja jina lake Dwight Eisenhower, ambaye kisha akakuwa rais wa Marekani. Na mwaka uleule Jim akashinda mashindano ya shule kubwa mu kucheza dansi. Mutu mwenye mwili wa nguvu namna ile, na miguu myepesi ya dansi.

Kati ya Harvard na jeshi kulikuwa Stockholm. Mu mwezi wa 7 mwaka 1912, Michezo ya Olimpiki ilifanyika mu ule muji mukubwa wa Uswidi. Jim aliandikishwa mu mashindano mawili yenye kuunganisha michezo mingi. La kwanza ni pentatlo, michezo 5: kuruka mbali, kutupa mukuki, mbio za metre 200, kutupa kisahani, na mbio za metre 1500. Mu 5 akashinda 4. Mukuki tu njo alikuwa wa tatu.

La pili ni dekatlo, michezo 10, iliyofanyika kwa siku 3. Kuna picha yake ya wakati ule: kiatu cha kuume na cha kushoto havifanane. Inasimuliwa kwamba viatu vyake vilipotea, akatafuta vingine fasi yoyote, na kwa kuwa kimoja kilikuwa kikubwa, akaongeza soksi. Na ile hali akapata pointi 8,412. Wa pili, Hugo Wieslander, mwana wa inchi ile ya Uswidi, alibaki nyuma kwa pointi karibu 700. Ile ya Jim ilikuwa rekodi ya dunia. Tena kati ya mashindano hayo mawili, alipata nguvu ya kuingia mu kuruka juu, akawa wa 4, na mu kuruka mbali, akawa wa 7.

Mfalme Gustav wa 5 mwenyewe akamupa medayi za zahabu, akamuambia kwamba njo muchezaji mukubwa kuliko wote wa dunia. Aliporudi, watu wa New York wakajaa ku barabara kumupokea. Lakini mukumbuke jambo moja. Wahindi wengi wa Marekani hawakuhesabiwa bado kama raia wa inchi ile. Sheria ya kuwapa wote uraia ilitoka tu mwaka 1924, miaka 12 kisha Stockholm. Mutu aliinua bendera ya inchi, na kabila lake halina haki mu inchi.

Sasa tufike fasi yenye kuuma.

Mwezi wa 1 mwaka 1913, gazeti moja la Marekani likaandika kwamba Jim Thorpe aliwahi kulipwa juu ya kucheza. Ilikuwa kweli. Mu likizo ya mwaka 1909 na ya 1910 alikwenda mu jimbo la North Carolina kucheza beisiboli, ule muchezo wa kupiga mupira kwa fimbo, mu timu ndogo za miji midogo. Walimupa dola chache za kula na kulala. Wanafunzi wengi wa shule kubwa walifanya vilevile, lakini wenye ujanja walijiandikisha kwa majina ya uongo. Yeye alitumia jina lake mwenyewe. Hakuona sababu ya kujificha.

Kosa lilikuwa wapi? Sheria ya Olimpiki ya wakati ule ilisema muchezaji apashwe kuwa amateri, ni kusema mutu anayecheza kwa kupenda tu, asiyepokea malipo. Inasikilika vizuri. Lakini mujiulize, nani anaweza kufanya mazoezi mwaka muzima bila kulipwa? Ni mutoto wa tajiri. Ile sheria ilitoka ku klabu za mabwana wa Uingereza. Ku mashindano ya kupiga kasia ya Henley, waliandika wazi mu sheria zao kwamba mutu wa kazi ya mikono, fundi ama kibarua, haruhusiwe kushindana nao. Sheria iliwekwa ili mufanyakazi abaki inje ya uwanja.

Wakubwa wa chama cha michezo cha Marekani walitaka majibu. Jim akaandika barua, akakubali kwamba alilipwa, akaeleza kwamba alikuwa mwanafunzi tu, hakujua kama ni kosa, na kwamba hakucheza juu ya feza lakini juu ya kupenda mupira. Watu wengi walioandika juu ya maisha yake wanaamini kwamba mwalimu wake Warner alikuwa na mukono mu ile barua. Warner akasema yeye hakujua kitu. Ni vigumu kumusadiki, kwani muchezaji wake mukubwa alipotea kwa miezi mingi na kurudia mwaka 1911. Lakini kwa njia hiyo mwalimu akaokoka, shule ikaokoka, chama kikaokoka. Jim peke yake njo alilipa.

Wakafuta jina lake mu kitabu cha washindi. Wakatwaa medayi mbili, wakatwaa na zawadi za mfalme wa Uswidi na za mfalme wa Urusi. Medayi ya pentatlo wakaipeleka kwa Ferdinand Bie wa Norwe, ya dekatlo kwa Wieslander. Hata hao wawili hawakufurahi, walijua nani aliwashinda.

Na hapa musome pole-pole. Sheria zilezile za michezo ya Stockholm zilisema kwamba mwenye malalamiko juu ya muchezaji ayalete mu siku 30 kisha michezo kuisha. Gazeti liliandika kisha karibu miezi 6. Kwa sheria yao wenyewe, muda ulikuwa umekwisha kupita! Wakubwa walishika mustari mumoja, ule wa amateri, wakaacha mustari mwingine, ule wa siku 30. Na hakukuwa mutu hata mumoja karibu na Jim wa kufungua kitabu na kusema: ngojeni kwanza.

Mimi ni delege wa sendika miaka mingi sasa. Niliona rafiki wa kazi, baba wa watoto, akipewa demande d'explication saa ya kutoka ku kazi, akiwa na usingizi wa usiku. Kapita akamuambia aandike tu kwamba anaomba musamaha, mambo itaisha. Akaandika. Ile karatasi njo ilimufukuzisha. Tulipoomba kuona sheria ya kampuni, tukakuta muda wa kumuazibu ulikuwa umepita. Lakini sahihi yake ilikuwa pale. Siku nilisoma habari ya Jim Thorpe, yule rafiki njo alinirudilia mu mawazo.

Jim hakulala na huzuni. Kwa kuwa walimukataza kucheza bure, akacheza kwa kulipwa. Mwaka 1913 akaingia mu timu kubwa ya beisiboli, New York Giants, akaendelea mu beisiboli kubwa mpaka 1919. Mu mupira wa Wamarekani, timu ya Canton mu jimbo la Ohio ikamulipa dola 250 kwa muchezo mumoja kuanzia mwaka 1915, feza nyingi kwa wakati ule. Watu walijaa uwanjani juu yake. Mwaka 1920 timu mbalimbali zilipoungana kule Canton kufanya chama kimoja, wakamuchagua Jim kuwa rais wa kwanza. Kile chama njo leo kinaitwa NFL, kati ya vyama vya michezo vyenye utajiri kupita vyote mu dunia. Alicheza pia mupira wa kikapu mu timu ya kuzunguka miji. Aliacha mupira mwaka 1928, akiwa na miaka 41.

Basi, mu hesabu ya bisi yetu: mbio, kuruka, kutupa, mupira wa Wamarekani, beisiboli, kikapu. Na wakubwa wa wakati wake walikuwa chini yake mu mengi ya hayo. Munipe jina lingine.

Lakini nisiwadanganye, maisha yake ya kisha ilikuwa mbaya. Mutoto wake wa kwanza alikufa mwaka 1918, angali mudogo kabisa. Alioa mara tatu. Pombe ikamushika. Njaa ya kazi ya miaka ya 1930 ikamukuta bila kitu, akachimba mifereji kwa mikono kule California, akasimama nyuma-nyuma mu filme za Hollywood akicheza Muhindi asiye na jina. Mwaka 1932 Michezo ya Olimpiki ikaja Los Angeles, kule alikuwa anaishi, naye akakosa feza ya kununua tikiti. Habari ikatoka, wakamutafutia fasi, na watu walipojua ni yeye, uwanja ukasimama kumupigia makofi. Makofi ni kitu kizuri. Lakini hayanunue unga.

Mwaka 1950 waandishi wa michezo wa Marekani wakamuchagua kuwa muchezaji mukubwa wa nusu ya kwanza ya karne. Wakati uleule, alipopata kansere ya mudomo, alitunzwa kama mutu asiye na uwezo wa kulipa. Akafa tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 1953, kwa ugonjwa wa moyo, ndani ya nyumba ya magurudumu kule Lomita, California.

Hata maiti haikupumuzika. Watu wa kabila lake walikuwa wameanza kumufanyia kilio kwa desturi yao kule Oklahoma, lakini muke wake wa tatu akaja kutwaa mwili. Jimbo la Oklahoma lilikataa kutoa feza za kumujengea kaburi la heshima. Muke akaupatia mwili muji mumoja wa Pennsylvania, Mauch Chunk, fasi ambayo Jim hakuishi hata siku moja.

Wachimbaji wenzangu, mujue ule muji ni wa namna gani. Ni muji wa makaa ya mawe. Utajiri wake wote ulitoka chini ya udongo. Mu mwezi wa 6 mwaka 1877, ndani ya jela ya Mauch Chunk, walinyongwa wachimbaji 4 wenye asili ya Irelandi, na siku ileile wengine 6 ku muji wa jirani, wakishitakiwa kwamba ni wa chama cha siri cha kuua wakubwa wa mungodi. Shahidi mukubwa alikuwa mupelelezi aliyelipwa na kampuni. Makaa ilipokosa soko, muji ukafa njaa. Mwaka 1954 ukakubali kubadilisha hata jina lake, ukaitwa Jim Thorpe, kwa kutumaini kwamba wageni watakuja kuona kaburi. Walileta udongo wa Oklahoma na udongo wa uwanja wa Stockholm, wakauweka chini yake. Watoto wake wa kiume walishitaki mu tribinali ili baba arudishwe kwao. Mwaka 2015 mashitaka yao yakaishia ku tribinali kubwa ya inchi, bila kushinda. Mpaka leo analala mu muji wa wachimbaji.

Na medayi? Kwa miaka 20, mpaka 1972, rais wa Olimpiki ya dunia alikuwa Avery Brundage, Mumarekani tajiri wa kazi ya ujenzi. Mu mwaka 1912 huyu Brundage alikuwa Stockholm, mu pentatlo na dekatlo zilezile, na Jim alimupita mbali. Waliomuomba arudishe medayi, aliwakatalia. Kisha, watafiti wawili, Robert Wheeler na Florence Ridlon, bibi na bwana, wakatafuta mu maktaba ya bunge la Marekani, wakapata kile kitabu cha sheria cha 1912 chenye mustari wa siku 30. Mwaka 1982 Olimpiki ikakubali. Mwanzo wa 1983 watoto wake wakapewa medayi, lakini wakamuandika kama mushindi pamoja na wale wengine wawili. Mwezi wa 7 mwaka 2022 tu njo wakamuandika mushindi peke yake. Miaka 110 kisha mashindano. Miaka 69 kisha kifo.

Kijana wa ekipe yetu aliponisikia, akasema Ali pia alinyanganywa ukanda wake mwaka 1967, juu ya kukataa kwenda vita vya Vietnam, na akaurudisha mwenyewe kwa ngumi kule Kinshasa, angali muzima. Kwake Ali anapita Thorpe. Ni jibu la nguvu, sikupata la kumujibu upesi. Lakini Ali alikuwa na maavoka waliomupigania mpaka tribinali kubwa. Thorpe alikuwa na kalamu tu, na watu wa kumuambia aandike nini.

Basi mabishano iendelee ku bisi. Mimi nabaki na Thorpe. Lakini siku utaitwa ku biro na kupewa karatasi ya kujieleza, usiandike kitu palepale. Ni haki yako kuomba wakati. Muite delege wako. Muombe kitabu cha sheria, mutazame pamoja tarehe ya kosa na muda uliowekwa. Ule mustari wa siku 30 ulikuwa mu kitabu tangu siku ya kwanza, ukangojea miaka 70 mutu wa kuusoma.